Himalaya kwa Miguu: Unalipia Mwongozaji au Unalipia Siku?

Tangu Aprili 2023, mtu anayepanga kutembea kwa miguu katika milima ya Nepal hupewa majibu mawili yasiyopatana. Bodi ya Utalii ya nchi hiyo inasema mgeni haruhusiwi kupita njia za milimani bila mwongozaji mwenye leseni, aliyetolewa na kampuni iliyosajiliwa. Halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, ambayo ndiyo yenye njia ya kwenda Everest, ilijibu kwamba kwake sharti hilo halitatumika. Mgeni akiuliza Kathmandu anaambiwa ni lazima. Akitua Lukla, mwanzo wa njia hiyo, anawaona wenzake wanajipitia na mabegi mgongoni. Kwenye kizuizi wanaonyesha kibali cha halmashauri na cha hifadhi, kisha wanaendelea na safari yao.

Huku kwetu mkanganyiko una sura nyingine. Habari za Himalaya hutufikia zaidi pale mtu wa Afrika Mashariki anapokanyaga kilele au anapofia huko. Wilfred Moshi wa Tanzania alifika kileleni Everest mwaka 2012, James Kagambi wa Kenya mwaka 2022. Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alifariki akijaribu kufika bila oksijeni ya mtungi, na mwongozaji wake, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Basi ukitaja Nepal nyumbani, mama anaanza kulia. Lakini ile ni shughuli nyingine. Tunayemzungumzia hapa hafungwi kamba, havai viatu vya meno, halali hemani. Anatembea saa tano hadi saba kwa siku kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, usiku analala nyumba ya wageni yenye jiko la kuota moto sebuleni, na mwisho wake ni Kambi ya Msingi ya Everest, mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, pale mpanda mlima anapoanzia kazi yake.

Safari hiyo inawezekana kwa mtu yeyote mwenye afya njema na subira. Ila ubishi wa kwamba mwongozaji ni lazima au si lazima umemeza swali lililo zito zaidi: safari yenyewe imepewa siku ngapi, na ni nani atakayeumia mfukoni siku mtembeaji akitakiwa kusimama au kurudi.

Sharti lilikotoka

Nepal imekuwa na ngazi mbili za masharti kwa muda mrefu. Maeneo ya mpakani kama Mustang ya Juu, Manaslu na Dolpo yalikuwa, na bado ni, maeneo yenye vibali maalumu. Huingii bila kampuni na mwongozaji, na hapo hakuna mjadala. Njia nyingine maarufu, yaani Everest, Annapurna na Langtang, zilikuwa wazi. Mtu alikata kibali cha hifadhi na kadi ya utambulisho wa watembeaji, inayojulikana kwa kifupi kama TIMS, akaondoka.

Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yaliyotoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji kwenye mlima wa Annapurna katikati ya msimu, wakati njia imejaa watu. Waliokuwa wakivuka kipito cha Thorong La, mita 5,416, walipotea kwenye weupe mtupu. Walikufa zaidi ya watu 40, wageni pamoja na Wanepali. Kuanzia hapo, kila mgeni alipopotea peke yake hoja ya kulazimisha waongozaji ilipata nguvu, na baada ya tetemeko la 2015 na miaka ya Korona, ambapo waongozaji wengi walikosa kazi kabisa, hoja ya usalama ilipata mwenzake: ajira.

Kwa nini basi Khumbu ikagoma? Katiba mpya ya Nepal ya mwaka 2015 iliunda serikali za mitaa zenye mamlaka ya kutoza ada. Khumbu ilianza kutoza ya kwake mwaka 2017, na kadi ya TIMS ikakosa kazi katika bonde la Khumbu. Kadi hiyo, inayouzwa rupia 2,000 tangu 2023, mapato yake yanaishia Kathmandu. Ada ya halmashauri inabaki Lukla na Namche. Kwa hiyo mzozo huu una mtu anayeogopa watu wasife, na una mtu anayehesabu makusanyo, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Unaposikia neno usalama kutoka upande wowote, tega sikio usikie na neno ada.

Hoja za wanaotaka mwongozaji awe lazima

Hoja yao yenye uzito kuliko zote wala haihusu kupotea njia. Kati ya Lukla na Namche mwezi Oktoba huwezi kupotea hata ukijaribu. Shida ni kupishana na msururu wa mafahali waliobeba mitungi ya gesi kwenye madaraja ya kuning'inia. Hoja yenyewe ni kwamba ugonjwa wa mwinuko unapofika kwenye ubongo, mgonjwa ni wa mwisho kujua. Anaanza na kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula, jambo ambalo nusu ya watu sebuleni wanalo. Kisha anakuwa mkali au mkimya kupita kawaida, anashindwa kufunga zipu ya koti, anatembea kama mlevi. Mwongozaji mzoefu humwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi hivi. Akiyumba, mjadala umekwisha: anateremshwa usiku huohuo, si kesho. Aina nyingine hushika mapafu. Mtu anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa tu, midomo inageuka rangi. Naye dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Mtu aliye peke yake chumbani hana wa kumpima. Akilala akiwa na hali hiyo, huenda asiamke. Hapo mwenye hoja ya kulazimisha ana haki kabisa.

Zipo faida nyingine ndogondogo zisizo ndogo. Mwongozaji anapiga simu mapema na kupata chumba Gorak Shep, ambako nyumba za wageni zinahesabika na msimu ukichanganya watu hulala kwenye mabenchi ya sebule. Anajua ni rubani gani ameruka na nani amezuiwa na mawingu. Anaongea na mwenye nyumba kwa lugha yao mgonjwa anapohitaji supu saa tisa usiku.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachukulia leseni kama kinga. Waongozaji wapo wa kila namna: aliyepita njia hiyo miaka ishirini, na aliyemaliza kozi ya wiki kadhaa Kathmandu akapewa kundi la watu kumi. Thorong La mwaka 2014 haikuchagua; walikufa waliokuwa na waongozaji, na waongozaji wenyewe wakafa. Leseni inathibitisha kwamba mtu amefunzwa. Haithibitishi kwamba kampuni iliyomtuma imempa ruhusa ya kusema hapana.

Hoja za wanaopinga

Wenyeji wa Khumbu wanasema mtembeaji anayejitegemea anakaa muda mrefu zaidi, anakula anapotaka, na fedha zake zinaingia moja kwa moja kwa mwenye nyumba ya wageni. Aliyelipia kifurushi Kathmandu, sehemu kubwa ya fedha imekwisha kugawanywa kabla hajaona theluji. Nao watembeaji wazoefu wanauliza, na si kwa kiburi tu, kwa nini mtu aliyekwisha kupita milima ya Pamir au Andes alazimishwe kulipia mtu wa kumwonyesha njia yenye mabango.

Ila kuna hoja ya tatu ambayo haisemwi sana, nayo ndiyo inayogeuza mjadala. Uchunguzi wa madaktari Shlim na Gallie, uliochapishwa mwaka 1992, ulichambua vifo vya watembeaji Nepal katika miaka ya kabla ya hapo. Ulionyesha kwamba wengi wa waliouawa na ugonjwa wa mwinuko walikuwa katika makundi yaliyopangwa na makampuni, ingawa watembeaji wengi wa wakati huo hawakuwa katika makundi. Kwa maneno mengine, wenye waongozaji walikufa kwa hewa kupita uwiano wao.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Aliye peke yake kichwa kikimuuma kijijini Dingboche anaagiza chai ya tangawizi, analala hapo siku ya pili, hakuna anayemdai maelezo. Aliye kwenye kundi ana ratiba iliyochapwa, chumba cha kesho kimelipiwa, wenzake wanane wanamsubiri, na hataki kuonekana yeye ndiye goigoi. Anameza vidonge vya maumivu na kusema yuko salama. Mwongozaji naye anajua bakshishi hutolewa siku ya mwisho, na watu waliofika Kambi ya Msingi huwa na mkono mkunjufu kuliko walioishia kijiji cha Lobuche, chini yake.

Tusiupeleke uchunguzi huo mbali kuliko ulipofika. Ni wa zamani, na tangu hapo makampuni mengi yameongeza siku za mapumziko na kubeba vipima oksijeni vya kidoleni. Vilevile wapinzani wa sharti husahau kusema kwamba uhuru wa kusimama hauna maana kwa aliyevunjika kifundo cha mguu kwenye barafu ya kipito cha Cho La mwezi Desemba, na hakuna anayejua alitoka asubuhi.

Hesabu ya hewa

Kambi ya Msingi ina takriban nusu ya kanieneo ya hewa iliyopo Mombasa au Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, lakini kwa mwendo wake wenyewe. Mwongozo wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja.

Sasa chukua ratiba ya kawaida inayouzwa na karibu kila kampuni. Ndege inakushusha Lukla, kama mita 2,860, unateremka kulala Phakding, 2,610. Kesho yake ni Namche, 3,440. Umeruka mita 830 kwa siku moja, ndiyo maana kila mtu analala Namche siku mbili. Halafu Tengboche, 3,860. Halafu Dingboche, 4,410, mita 550, na mapumziko mengine. Halafu Lobuche, kama 4,930, umevuka kipimo tena kidogo. Mwisho Gorak Shep, 5,160, unatua mzigo, unakwenda Kambi ya Msingi na kurudi. Yaani ratiba ya kawaida, ile inayoitwa salama, tayari inagusa ukingo wa kipimo mara tatu na haina hata siku moja ya akiba. Kampuni inayokuuzia safari hiyohiyo ikiwa imepunguza siku mbili imezitoa mahali pawili tu panapowezekana: Namche au Dingboche. Ukiona tangazo la bei nafuu, hesabu usiku wa Dingboche kabla hujaangalia bei.

Hapa wale waliopanda Kilimanjaro wanajidanganya kuliko wengine. Uhuru ni mita 5,895, juu kuliko Kambi ya Msingi, hivyo mtu anasema mlima huu nimeshaumaliza. Lakini kwa njia ya Marangu unalala Kibo, 4,720, saa chache tu, unaondoka usiku wa manane, unafika Uhuru asubuhi, na jioni uko Horombo, 3,720, unakula. Umekuwa juu ya mita 5,000 kwa saa kadhaa. Kilimanjaro ni mlima wa kukimbia: unauibia mwili kabla haujashtuka. Khumbu unalala huko. Ni usiku nne hivi juu ya mita 4,400, na maji ya mapafuni au uvimbe wa ubongo mara nyingi hujitokeza usiku wa pili au wa tatu. Mtu aliyefika Uhuru kwa siku tano na kichwa kikimpasuka hakuthibitisha kwamba mwili wake unaweza Himalaya. Amethibitisha kwamba aliwahi kushuka kwa wakati.

Dawa iitwayo acetazolamide, wengi wanaijua kama Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka. Inafaa, daktari akiiandika na mtu akiwa hana mzio wa dawa za salfa, na vidole vikichonyota au mkojo ukizidi asishangae. Haifai kutumika kununua siku. Pale Pheriche kuna kituo cha Himalayan Rescue Association, shirika lililoanzishwa 1973, na katika misimu madaktari wake wa kujitolea hutoa somo la bure kila alasiri. Ratiba nyingi hupitia Dingboche, bonde la pili yake, kwa hiyo watu hawafiki hapo. Si mbali. Siku ya mapumziko ya Dingboche ingetosha kabisa kwenda na kurudi.

Siku hizo zinatoka wapi? Kutoka kwenye likizo, na hapa ndipo mwajiriwa wa kwetu anapobanwa. Sheria ya Kenya inampa siku 21 za kazi kwa mwaka, ya Tanzania siku 28 zikihesabiwa mfululizo. Safari ya ndege kupitia Doha au Dubai kwenda na kurudi inakula siku nne ukichanganya na uchovu. Kathmandu siku moja au mbili za vibali na kununua koti. Kisha Lukla yenyewe: uwanja wake una njia ya kurukia ya mita 527 tu, imeelemea mlimani, na marubani hutua kwa kuona kwa macho, hivyo wingu likishuka hakuna anayeruka. Katika misimu ya watu wengi ndege nyingi haziondokei Kathmandu bali Ramechhap, na maana yake ni kuamshwa saa saba au nane usiku, kupanda gari dogo kwa saa nne au tano za kona, ili ufike uwanjani kukipambazuka na uambiwe subiri. Siku mbili za akiba kwa ajili ya Lukla pekee si anasa. Ukijumlisha yote unapata siku 19 au 20 mlango kwa mlango. Wengi wanaikataa hesabu hiyo, wanaanza kukata, na wanakokata ni milimani kwa sababu ndege ya Doha haikatiki.

Umlipe nani

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kampuni ya Ulaya au Marekani. Inatoza zaidi, wakati mwingine mara mbili, na milimani huduma yenyewe hutolewa na kampuni ya Kathmandu iliyopewa kazi hiyo. Ulicholipia zaidi ni dhamana: fedha zako ziko mahali penye sheria unayoweza kuifuata, na kuna jina ambalo kampuni hiyo haitaki lichafuke. Kwa Mtanzania au Mkenya faida hiyo inapungua, maana kumfungulia madai wakala wa London ukiwa Arusha ni kazi sawa na kumfungulia wa Kathmandu.

Ya pili ni kampuni ya Kathmandu moja kwa moja. Bei ni nafuu, ratiba inabadilishika, na ukiuliza maswali ya maana unajibiwa na mtu anayejua Dingboche ilivyo. Hatari ni kwamba ziko nyingi mno, zinashindana kwa bei, na bei ikishuka sana kuna mtu katika mnyororo huo hajalipwa. Mara nyingi ni mpagazi.

Ya tatu ni kumchukua mtu mwenyewe, Kathmandu au Lukla, kwa makubaliano ya mdomo. Bei ya kawaida ya mwongozaji ni kama dola 25 hadi 35 kwa siku, mpagazi chini yake kidogo. Fedha zote zinaingia mfukoni mwake, na hilo ni zuri. Ubaya wake unaonekana siku mambo yakiharibika: hana bima ya kazi kwa jina lako, hana ofisi ya kupiga simu, na mgeni bila kujua amegeuka mwajiri anayebeba lawama zote za mwajiri.

Bima, na helikopta isiyohitajika

Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa uokoaji kwa helikopta. Mchezo ulikuwa rahisi: mtembeaji mwenye maumivu ya kichwa ya kawaida anatishwa kwamba atakufa, helikopta inaitwa, hospitali ya Kathmandu inampokea, na bili kubwa inapelekwa kwa kampuni ya bima, kisha kila aliyegusa safari hiyo anapata chake. Baadhi ya makampuni ya bima yalitishia kuacha kabisa kuwakinga watembeaji Nepal.

Kashfa hiyo iliacha pande mbili za hatari. Mwongozaji anayelipwa kamisheni ya helikopta ana sababu ya kukurusha ukiwa mzima. Anayeogopa kupoteza bakshishi ana sababu ya kukupandisha ukiwa mgonjwa. Dawa ya zote mbili ni moja, nayo ni kushuka kwa miguu mapema. Aliyeteremka kutoka Lobuche hadi Pheriche mchana, akiwa bado ana nguvu, kwa kawaida hahitaji helikopta, na asubuhi anaweza hata kuamua kujaribu tena kama ana siku.

Kuhusu bima yenyewe, soma mstari wa mwinuko. Mikataba mingi ya bima ya safari, ikiwemo ile ya bei rahisi inayokatwa kwa ajili ya viza, huweka ukomo wa kimo, na mingi haifiki mita 5,000. Unahitaji inayotaja kutembea hadi mita 6,000 na kusafirishwa kwa helikopta, tena namba ya dharura yao ipigiwe kabla helikopta haijaitwa, vinginevyo bili ni yako.

Anayebeba begi lako

Sheria ya Nepal inaweka kikomo cha kilo 30 kwa mpagazi mmoja, Kilimanjaro ni 20 na mzigo hupimwa getini. Khumbu ni nadra kuona mizani. Wapagazi wengi hutoka mabonde ya chini, ni Warai na Watamang zaidi ya Washerpa, na mwinuko huwapiga kama unavyompiga mgeni, ila wao hawaulizwi. Kampuni ikikwambia begi la kila mmoja lisizidi kilo 15, jua kuna mtu mmoja amebeba mawili. Uliza anavaa nini miguuni, analala wapi Gorak Shep, na akiugua anateremka na nani. Kampuni iliyozoea kuulizwa hayo hujibu papo hapo. Isiyozoea hukupa simulizi.

Nani afanye nini

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mwongozaji anastahili gharama yake, sheria ilazimishe isilazimishe, kwa sababu ile ya ubongo unaoshindwa kujipima. Lakini achague kampuni ya Kathmandu yenye ratiba ya siku 12 au 13 za kutembea, aongeze siku moja isiyo na jina, na aandikiwe kwenye mkataba kwamba siku hiyo itatumika popote mwongozaji atakapoona inafaa, na kwamba mmoja akirudi kuna mtu wa kurudi naye bila malipo ya ziada. Bakshishi aitaje mapema na aahidi kwamba haitategemea kufika. Sentensi hiyo moja, ikisemwa Lukla mbele ya kundi zima, inamwondolea mwongozaji mzigo mzito kuliko begi.

Aliyezoea mwinuko anaweza kwenda Khumbu mwenyewe katika Oktoba na Novemba au Machi hadi Mei, mradi ana mwenzake na haendi njia za barafu za pembeni peke yake. Annapurna na Langtang akadirie kwamba sharti la 2023 linaweza kusimamiwa kwenye kizuizi siku atakayopita. Manaslu na Mustang hakuna cha kujadili, aende na kampuni.

Na mwenye wiki mbili tu kutoka mlango wa nyumba yake aiache Everest kwa mwaka huu. Aende Langtang. Gari linatoka Kathmandu hadi Syabrubesi, hakuna ndege ya kusubiri, siku saba hivi za kutembea zinatosha, na kimo cha juu cha kulala ni Kyanjin Gompa, mita 3,870. Ukipanda kilima cha Tserko Ri asubuhi unafika karibu mita 5,000, sawa na Lenana ya Mlima Kenya, na jioni umerudi kulala chini.